Namna ya Kulisoma Bonde la Ufa Ukitokea Arusha

Ondoka asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru, ushike barabara ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Hapo usiharakishe, kwani kwa maoni yangu ndipo somo lenyewe lilipo: utazame ukuta mrefu ulio magharibi mwa Ziwa Manyara, ukijua kwamba ardhi unayoikanyaga ilididimia baada ya ganda la dunia kuvutwa na kupasuka, kwa sababu bamba la Somalia, kipande kikubwa cha ganda hilo kilicho upande wa mashariki, linaachana na bamba la Nubia, lililo upande wa magharibi, kwa milimita chache kila mwaka. Panda ukutani ulinganishe pande zake mbili. Ukirudi, uangalie Meru upya. Volkano hiyo, iliyolipuka mwaka 1910, ilijengwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya ganda lililodhoofika.