Vitamini E kwa mama mwenye mzio: ya kupanga kabla ya kujifungua

Anza na sahani kabla ya duka la dawa. Mama mwenye pumu, ukurutu au mzio wa chakula mara nyingi ameshaacha karanga, mayai na samaki, wakati mwingine kwa sababu tu aliambiwa vitamletea mtoto mzio. Chakula kisichokudhuru wewe usikiache kwa nia hiyo: kukiacha hakumkingi mtoto, na lishe inapungua. Karanga zikikudhuru kweli, ziache kabisa, kisha uzibe pengo la vitamini E.

Mjamzito anahitaji miligramu 15 kwa siku, anayenyonyesha 19. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti vina kama 11, nusu kikombe cha spinachi iliyochemshwa karibu 2, parachichi gramu 100 kama 2. Hapo 15 zimetimia. Lakini hesabu mafuta yanayoingia mdomoni, si yanayobaki kikaangoni. Yaliyokaangiwa mara nyingi au kuanikwa juani dukani yamepoteza sehemu ya vitamini hiyo, kwa hiyo nunua chupa ndogo na uiweke kabatini.

Vidonge visianzwe bila daktari, hasa ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana dozi kubwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi wajawazito wapewe nyongeza ya vitamini E na C. Soma kibandiko pia: yuniti 400 (IU) za asili, zenye herufi «d» mbele ya jina, ni miligramu 268, za kiwandani, zenye «dl», ni 180.

Ukipimwa vitamini E kwenye damu, omba kolesteroli na trigliseridi, yaani mafuta ya damu, zipimwe kwenye sampuli hiyohiyo. Vitamini E husafiri ndani ya mafuta ya damu, nayo hupanda sana mimba inapokua, hivyo namba peke yake inaweza kuonekana nzuri wakati hali si nzuri. Sampuli ikingwe na mwanga.

Mtoto huzaliwa na kiwango cha chini kwa sababu kondo la nyuma hupitisha kidogo. Usijilaumu wala kulaumu mzio wako. Akiba yake ya kwanza ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yenye vitamini E nyingi kuliko maziwa ya baadaye. Yasikamuliwe na kumwagwa. Waambie wakunga mapema kwamba unataka kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza, hata ukifanyiwa upasuaji. Mtoto njiti asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa kwa mkono, apewe kwa kikombe au mpira wa kulishia kama wakunga watakavyoelekeza.