Kokteli za Shampeni Nyumbani: Kuitunza Gesi Kuanzia Jokofuni Hadi Mkononi mwa Mgeni

Katika miaka kumi na miwili niliyofanya kazi ya kuchanganya vinywaji katika baa za hoteli jijini Dar es Salaam, wateja wengi wameniomba niwaeleze namna ya kutengeneza nyumbani kokteli za shampeni wanazozinywa kaunta. Wengi wao walikuwa wamekwisha kujaribu, na malalamiko yao yalifanana: kinywaji kilikuwa kitamu, lakini kilikuwa kimekwisha gesi. Anayenunua shampeni ananunua gesi iliyofungiwa ndani ya mvinyo kwa kazi ya miezi mingi, na kila kosa la mchanganyaji, liwe la joto, la glasi au la kijiko, huifungulia gesi hiyo njia ya kutoka kabla mgeni hajaonja. Hatua zote ninazozieleza hapa zinalenga kuizuia isitoke.

Hatua ya 1: Kuchagua chupa

Jina la shampeni ni haki ya mvinyo unaotoka eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, karibu na miji ya Reims na Épernay. Hutengenezwa hasa kwa zabibu za Chardonnay, Pinot Noir na Meunier, na gesi yake hupatikana kwa kuuchachusha mvinyo mara ya pili ndani ya chupa ileile itakayouzwa. Kanuni za huko zinataka shampeni isiyoandikwa mwaka wa mavuno ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile iliyoandikwa mwaka ikae angalau miaka 3. Njia hiyohiyo ya kuchachusha chupani hutumika Hispania kwa cava na Afrika Kusini kwa Cap Classique, ambayo chupa zake za kwanza zilitokana na mavuno ya mwaka 1971 ya shamba la Simonsig, Stellenbosch. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchachushwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa. Ni nyepesi, ina harufu ya matunda, na gesi yake haidumu sana glasini.

Kwa kokteli ambayo ladha ya mvinyo inapaswa kusikika, tumia shampeni ya kawaida isiyo na mwaka au Cap Classique. Kwa kokteli ya juisi ya matunda, prosecco inatosha kabisa. Chupa ya gharama kubwa yenye mwaka wa mavuno usiichanganye na chochote, kwa sababu ladha zilizochukua miaka kujengeka humo hufunikwa na tone la kwanza la juisi, na kufanya hivyo ni kuwakosea walioitengeneza.

Soma lebo kwa makini. Neno Brut lina maana kwamba sukari haifikii gramu 12 kwa lita, Extra Dry ni gramu 12 hadi 17, na Demi-Sec ni gramu 32 hadi 50. Watu wengi hununua Extra Dry wakidhani ndiyo kavu zaidi, kumbe ni tamu kuliko Brut. Kwa kuwa kokteli hizi huongezewa sukari au tunda, chagua Brut kila mara.

Hatua ya 2: Kuipoza chupa

Hewa ya ukaa hutulia ndani ya kimiminika baridi na hukimbia kwenye kimiminika chenye joto. Chupa iliyokaa juu ya meza katika joto la pwani itamwaga povu sakafuni mara kizibo kitakapotoka, na theluthi ya mvinyo inaweza kupotea hivyo. Iweke ndani ya jokofu kwa muda wa saa 4, au ikiwa wageni wako njiani, iweke ndani ya ndoo yenye barafu nusu na maji nusu kwa dakika 30. Maji ni ya lazima, kwa kuwa barafu tupu huacha nafasi za hewa zisizopoza kitu. Kokteli inapaswa kunywewa ikiwa na nyuzi joto 8 hivi, lakini mimi huishusha chupa hadi nyuzi 5 au 6, kwa sababu katika hali yetu ya hewa glasi hupata joto ndani ya dakika chache. Usiiweke kwenye friza ukaisahau. Mvinyo ukiganda hutanuka, na chupa inaweza kupasuka.

Vitu vingine vyote vitakavyoingia kwenye glasi, yaani pombe kali, juisi na shira, vipozwe pia. Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote, ilhali juisi yenye joto la jikoni huharibu kazi yote iliyofanywa na ndoo ya barafu.

Hatua ya 3: Glasi

Katika harusi moja niliyoihudumia mwanzoni mwa kazi yangu, glasi zaidi ya themanini zilioshwa kwa sabuni nyingi na kusuuzwa kwa haraka. Tulipomimina, viputo havikupanda. Mvinyo ulikaa glasini kama maji ya matunda yaliyolala. Mabaki ya sabuni na mafuta huua povu, kwa hiyo suuza kwa maji ya moto mara mbili, kisha ziache glasi zichuruzike zikiwa zimeinamishwa.

Baada ya hapo zifute kwa kitambaa safi cha pamba. Sababu yake inastahili kuelezwa. Kiputo hakizaliwi mahali popote ndani ya glasi. Huanzia kwenye nyuzi ndogo mno zilizoachwa na kitambaa au zilizoletwa na hewa, ambazo ndani yake hubaki hewa kidogo, na gesi iliyo kwenye mvinyo hujikusanya hapo hadi kiputo kinapong'oka na kupanda. Kwa hiyo kitambaa hicho cha pamba ndicho kinachoipa glasi ule mstari mzuri wa viputo.

Tumia glasi ndefu nyembamba, au ile iliyotanuka kidogo katikati na kubana mdomoni. Ile pana kama kibakuli inapendeza katika picha, lakini uso wake mpana huiruhusu gesi kutoka upesi, nami huitumia tu pale ninapojua kinywaji kitamalizwa mapema.

Hatua ya 4: Maandalizi ya kabla wageni hawajafika

Shira hutengenezwa kwa kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji. Pasha moto huku ukikoroga hadi sukari iyeyuke, kisha ipua. Usiiache ichemke kwa muda mrefu, kwani itakuwa nzito na vipimo vitapotea. Ikipoa, itie kwenye chupa safi na kuihifadhi jokofuni, ambako itakaa wiki mbili.

Kamua malimao siku hiyohiyo na uchuje mbegu na nyama yote. Ndimu inaweza kutumika, lakini ukali wake ni wa namna nyingine. Punguza kipimo kidogo na uonje. Kabla ya kukamua, menya ganda la limao katika vipande vyembamba vyenye urefu wa kidole, bila ile sehemu nyeupe ya ndani ambayo ni chungu.

Hatua ya 5: Kufungua

Shinikizo ndani ya chupa ya shampeni hufika takribani mara 6 ya lile la hewa inayotuzunguka, ambalo linazidi kwa mbali upepo wa tairi la gari dogo. Kizibo kinachoruka kinaweza kumpofua mtu, kwa hiyo usikielekeze kwa mtu wala kwenye taa. Ondoa karatasi ya juu, weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena hapo. Legeza waya kwa mizunguko sita ya nusu nusu, ukiuacha ubaki juu ya kizibo. Inamisha chupa kiasi, shika kizibo imara kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine zungusha chupa yenyewe kutoka kwenye kitako. Utahisi kizibo kinasukuma; kizuie, kiache kitoke polepole, na sauti iwe ya pumzi tu. Mlio mkubwa unaoshangiliwa katika sherehe ni gesi uliyoilipia, nayo imekwisha kwenda.

Hatua ya 6: Kuchanganya

Nianze na kokteli ya shampeni yenyewe, ambayo ni kongwe na ambayo ningemshauri kila anayejifunza aanze nayo. Weka kipande kimoja cha sukari ya mchemraba juu ya kijiko, kidondoshee matone ya Angostura, yaani kiungo cha pombe chenye ladha chungu, hadi kiwe na rangi ya hudhurungi pande zote, kisha kitelezeshe hadi chini ya glasi. Ongeza mililita 10 za konyaki. Inamisha glasi kama anayemimina bia na utie mililita 90 za shampeni, ukiufuata ukuta wa glasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reims, akiwamo Gérard Liger-Belair, walionyesha mwaka 2010 kwamba mvinyo uliomiminwa kwa kuinamisha glasi hubaki na gesi nyingi kuliko uliomiminwa moja kwa moja katikati. Minya ganda la limao juu ya kinywaji ili mafuta yake yarukie juu, kisha litumbukize.

Usikoroge. Kile kipande cha sukari, kwa ukwaruzo wake, hutoa viputo bila kukoma kutoka chini, na huyeyuka polepole, kiasi kwamba funda la kwanza ni kavu lenye uchungu wa viungo na la mwisho ni tamu. Anayekikoroga humnyima mgeni safari hiyo yote.

Ya pili ni French 75, iliyopewa jina la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 uliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tia ndani ya chombo cha kutikisia mililita 30 za jini, mililita 15 za maji ya limao na mililita 15 za shira, ongeza barafu, funga, na utikise kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 12. Chuja kwenye glasi baridi, kisha malizia kwa mililita 60 za shampeni. Shampeni isiingie kamwe ndani ya chombo cha kutikisia. Gesi itatanuka na kifuniko kitaruka. Kinywaji hiki hushuka kirahisi kuliko nguvu zake. Jini yenye asilimia 40 huleta mililita 12 za pombe halisi na shampeni huongeza 7 hivi, jumla 19, wakati glasi ya mililita 125 ya shampeni tupu ina 15. Wageni waambiwe hivyo mapema, na hasa wale watakaoendesha gari.

Kir Royale haina ugumu: mililita 10 za crème de cassis, yaani likeri (pombe tamu) ya matunda meusi ya mji wa Dijon, Ufaransa, kisha mililita 90 za shampeni. Jina linatokana na Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa mji huo kuanzia mwaka 1945 hadi 1968. Ukizidisha likeri, umetengeneza sharubati.

Sasa tufike kwenye matunda, ambako utaratibu hugeuka. Bellini ilibuniwa na Giuseppe Cipriani katika Harry's Bar, Venice, kwa rojo la pichi nyeupe na prosecco, sehemu moja ya tunda kwa mbili za mvinyo. Pichi nzuri ni adimu kwetu, lakini embe dodo lililoiva, likisagwa na kupitishwa kwenye chujio laini mara mbili, hutoa rojo linalolingana nayo kwa ulaini, na binafsi nalipenda zaidi. Ongeza matone ya limao, kwa sababu embe lina utamu usio na uchachu wa kutosha. Tatizo ni kwamba nyuzi za tunda huzalisha viputo kama zile nyuzi za kitambaa, tena kwa maelfu, na mvinyo ukimiminwa juu ya rojo hufura na kumwagika. Kwa hiyo tia kwanza mililita 80 za mvinyo, ngoja povu litulie, kisha shusha mililita 40 za rojo baridi polepole kwa kijiko. Kwa kuwa ni zito, litazama lenyewe. Ingiza kijiko kirefu hadi chini, ulinyanyue mara moja tu, na uache. Utaratibu huohuo unafaa kwa juisi ya machungwa.

Hatua ya 7: Kuandaa mezani

Chupa moja ya mililita 750 hutoa glasi 8 za kokteli ya shampeni, au 12 za French 75. Kwa wageni kumi na wawili watakaokunywa glasi mbili mbili, nunua chupa 3 za ile ya kwanza au 2 za hii ya pili, na moja ya akiba. Panga glasi zikiwa tayari na vitu vya chini, lakini shampeni imiminwe mgeni akiwa amesimama mbele yako. Sinia la glasi zilizojazwa robo saa kabla ni sinia la mvinyo uliokwisha gesi.

Wasiotumia pombe waandaliwe kwa uangalifu uleule na kwa glasi zilezile. Mimi huchemsha choya na tangawizi, naichuja, naipoza, natia mililita 30 pamoja na shira kidogo, kisha najaza soda isiyo na ladha iliyo baridi sana na kumalizia kwa ganda la limao. Chupa ya soda hiyo iwe mpya, na mikono na vipimo visiwe vimegusa pombe.

Ikiwa shampeni imebaki, ifunge kwa kizibo chenye makucha yanayobana mdomo wa chupa na kuirudisha jokofuni. Itafaa kesho, pengine na keshokutwa kwa kinywaji cha embe. Kijiko cha fedha kinachoning'inizwa shingoni mwa chupa, kama wengi wafanyavyo, hakizuii chochote.