Breki za dramu za nyuma: kipi ubadili, kipi ukiache

Breki shuu (vipande viwili vya upinde vinavyobana dramu kwa ndani) zikiisha, wengi hununua seti mpya, huifunga na kuondoka. Miezi michache baadaye gari linalia tena, au upande mmoja umeisha na mwingine bado mzima. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani fungua magurudumu yote mawili ya nyuma, utafute kilichozimaliza.

Weka kabali matairi ya mbele, achia hendibreki, inua gari na ulikalishe kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo ukingoni, maana ni chuma cha kumimina na hupasuka. Toyota ndogo nyingi zina matundu mawili yenye meno usoni pa dramu: ingiza boliti mbili za M8, kaza kwa zamu, itasogea yenyewe. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala mdomo, kwani lainingi (utando wa msuguano uliobandikwa kwenye breki shuu) nyingine bado zina asbesto. Osha kwa maji ya sabuni na brashi. Kisha fungua vipande vya upande mmoja tu, mwingine ubaki kielelezo cha kila springi inakokaa.

Anza na unyevu. Funua raba ya vumbi ya wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki shuu. Jasho dogo si kosa, lakini mafuta yakitiririka, badili silinda, na ya upande wa pili pia, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Kubadili raba za ndani peke yake kunafaa tu kama ukuta wa silinda ni laini kabisa. Kwa gari lililozoea vumbi la Bahi au Chamwino, mara nyingi ukuta umeshachimbika, na raba mpya itavuja tena.

Kwa gari lenye difu (sanduku la gia la ekseli) nyuma, kama Hilux au Hiace, ukikuta mafuta mazito yenye harufu ya oili ya gia, sili ya ekseli imekwisha. Cheki na bearingi yake kama inacheza. Halafu angalia tundu la kupumulia la difu. Gari likivuka makorongo wakati wa masika, tundu hilo huziba kwa tope, hewa ya difu iliyopata joto hukosa pa kutokea na husukuma oili nje kupitia sili. Ukibadili sili bila kuzibua tundu umefanya kazi bure. Lainingi iliyolowa oili au mafuta ya breki itupwe hata kama ni nene. Kuiosha kwa petroli au kuichoma hakusaidii: ikipata joto, oili iliyozama hutoka tena.

Lainingi kavu pima pale ilipo nyembamba zaidi. Kwa magari madogo mengi kikomo ni milimita 1, ila kwa gari linalobeba magunia ya alizeti usisubiri huko. Badili ikifika 2. Kama imefungwa kwa ribiti, pima kuanzia kichwa cha ribiti. Nunua breki shuu zote nne.

Dramu isibadilishwe kwa mazoea, maana ni ghali na mara nyingi bado nzima. Kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe: dramu ya milimita 200 kwa kawaida huishia 201. Pima kwa venia (kipimio cha kipenyo) sehemu tatu, ndani ya ukingo uliobaki juu. Ikiwa na mifereji, ichongwe pamoja na mwenzake, mradi zisivuke kikomo. Yenye ufa haichongwi, hutupwa.

Springi ndizo watu huzirudisha kuukuu, na hapo ndipo hasara huanzia. Springi iliyobadilika rangi kwa joto, au ambayo mizunguko yake imeachana ikiwa haijavutwa, haiwezi kurudisha breki shuu. Zinaburuta, dramu inachemka, lainingi mpya inaisha. Badili springi kila unapobadili breki shuu.

Ajasta, skrubu inayosogeza breki shuu karibu na dramu, safisha, zungusha kwa mkono. Meno ya nyota yakilika, badili. Ya kulia na ya kushoto meno ya skrubu yake hukaza kinyume, ukizipishanisha zitalegea badala ya kukaza. Paka grisi ya breki kidogo kwenye meno hayo ya skrubu na pale breki shuu zinapogusa bati la nyuma. Bati likichimbika hapo, shuu hunasa.

Kebo ya hendibreki isiyorudi yenyewe ibadilishwe. Kaza ajasta kwanza, hadi dramu izunguke ikikwaruza kidogo sana, kebo ifuate.

Ukiwa umefungua silinda, toa upepo kwenye mfumo wa breki kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu ya breki), kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko chake. Chupa iliyokaa wazi usiitumie, kwani imeshavuta maji.

Jaribu taratibu mahali patupu, kisha tembea kilomita 10. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa: upande wenye joto zaidi bado unaburuta, ufungue tena kabla ya kupakia mzigo.