Jinsi ya kuandika rivyu ya chumba cha mafumbo bila kumwaga ubuyu

Vile vyumba ambavyo mnafungiwa kikundi, mara nyingi lisaa limoja, mnasaka funguo na namba za siri mpaka mtoke, vilianza Japani, kule Kyoto, mwaka 2007, kampuni ya SCRAP ndo waliovianzisha, na siku hizi vipo mpaka vya kwenye boksi unachezea sebuleni. Kuviandikia rivyu kuna mtihani wake: ukisema yote umemuharibia mwenzio, ukificha yote umeandika tangazo.

Mkimaliza msitawanyike. Kabla mmoja hajadandia boda ya Mbagala na mwingine ya Tegeta, kaeni mahali na soda zenu mpige stori huku simu inarekodi, maana ukishakaa kwenye foleni ya Mwenge utafika home unakumbuka fumbo la mwisho tu na lile mlilogombania.

Sasa kazi yenyewe iko hapa. Chukua kila fumbo mlilokwama mkaomba hinti, jiulize mlivyoambiwa jibu mlisemaje. Kama ni "aaah kumbe, mbona lilikuwa mbele yetu muda wote!", hilo ni gumu ila la haki, mpe sifa aliyelitunga. Kama ni "sasa hapo nani angejua?", fumbo bovu, na useme ubovu wake uko wapi: dalili haikuwepo kabisa, au taa hafifu namba hazisomeki, au namba mnayo sahihi ila kufuli limechoka halifunguki, au linataka ujue kitu cha nje kama noti za piano au spelingi za Kiingereza, hapo mtu na akili zake anakwama na wala sio mjinga. Hilo la lugha mi naona liandikwe kila rivyu, gemu nyingi zinakuja kwa Kiingereza na wadau wengi Dar wanacheza na wadogo zao.

Mlitoka au hamkutoka sio kipimo. Kuna watu wanaponda chumba kikali kabisa kisa walibakiza kufuli moja.

Kuhusu spoila, yaani kufichua siri za gemu kwa ambaye hajacheza, taja aina ya kazi, usitaje kitu. "Mengi ni ya kuangalia na kupanga, hesabu chache, moja la kusikiliza" inatosha. Hata ukiandika "subirini mwisho mtashangaa" ushaharibu, mtu ataingia anausubiri huo mshangao badala ya kucheza. Picha piga mapokezi tu.

Kwa gemu za boksi angalia pesa. Exit ya Inka na Markus Brand, iliyotolewa na kampuni ya Kosmos ya Ujerumani na kubeba tuzo ya gemu za mezani ya Kennerspiel des Jahres 2017, unaikata, unaikunja, unaichora, yaani ni ya kucheza mara moja basi, sasa mtu kaagiza nje kasubiri mzigo wiki kadhaa lazima ajue hilo mapema, na ukiweza mwambie kurasa gani angetoa fotokopi stationery kabla ya kushika mkasi. Unlock! ya kampuni ya Space Cowboys inatumia kadi na apu ya simu, hukati kitu, ukimaliza unampa jirani. Boksi likisema watu 6 usilinukuu tu, sema wangapi walikuwa wanacheza kweli na wangapi walikuwa wanaskroo TikTok.

Halafu usalama, watu wanaupita sana huu. Januari 2019 kule Koszalin, Poland, mabinti watano wa miaka 15 walikufa kwa moto ndani ya chumba kama hivi. Kwa hiyo kabla hamjafungiwa muulize msimamizi: mlango unafunguka kwa ndani? Umeme ukikatika katikati ya gemu inakuwaje? Akijibu "msijali" tu, iandike hiyo mstari wa kwanza kabisa wa rivyu, sifa zifuate chini.