Kuhamisha na kutunza kaktasi ya Krismasi bila kuiozesha mizizi

Kaktasi nyingi za Krismasi zinazokufa katika nyumba za Nairobi haziuawi na kiu. Zinauawa na maji yaliyotuama kwenye udongo usiopitisha hewa, na mara nyingi shida huanza siku mmea unapotolewa kwenye kikopo chembamba cha kitaluni na kutiwa kwenye chungu kikubwa cha kupendeza sebuleni.

Mtu akisikia kaktasi huwaza jua kali na nchi kame. Huu ni mmea wa aina nyingine kabisa. Asili yake ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, kwenye misitu ya kivuli na ukungu, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika nyufa za miamba. Haunyonyi utomvu wa mti, unajishikiza tu hapo, mizizi ikijipenyeza kwenye majani yaliyooza. Mvua ikinyesha, mizizi hulowa, kisha maji yote hutiririka na hewa kurudi. Hali hiyo ndiyo tunayotafuta ndani ya chungu.

Kwa hiyo udongo ndio kazi kubwa. Udongo mweusi wa Embakasi au Syokimau usiutie kabisa, maana ukilowa hunata na ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Udongo mwekundu wa Karen na Kiambu ni afadhali, lakini peke yake hushikana baada ya miezi michache. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za udongo wa msitu au mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, na sehemu moja ya pamisi, yale mawe mepesi ya volkano. Ukikosa pamisi, tumia changarawe ndogo iliyooshwa. Vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong na ya Peponi huuza udongo uliochanganywa tayari; kabla ya kulipa, lowesha konzi moja uifinye. Ukifumbua mkono na donge likabaki zima, ongeza pamisi.

Usihamishe kila mwaka. Mmea huu hupenda mizizi ibanane kidogo, na miaka miwili au mitatu katika chungu kimoja ni sawa. Wakati wake ni baada ya maua kuisha na mmea kupumzika wiki chache. Kwa uliochanua Desemba, Februari au mapema Machi panafaa, kabla ya masika. Wenye matumba usiuguse, utayaangusha yote.

Chungu kipya kipite cha zamani kwa sentimita 3 hivi kwa upana, basi. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia, na udongo huo hukaa na maji siku nyingi. Lazima kiwe na tundu chini. Wengi hutandika kokoto chini wakidhani zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii, bali hupandisha udongo uliolowa karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja au kipande cha neti juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Mwagilia siku moja kabla. Bonyeza kikopo pande zote, kiinamishe, shika shina karibu na udongo na uache mmea uteleze wenyewe. Mizizi mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu na hukaza ukiigusa. Iliyooza ni myeusi, laini, na ngozi yake huvuka ukiivuta kwa vidole. Hiyo ikate kwa kisu safi. Panda kwa kina kilekile cha awali, usizike shina. Kama ulikata mizizi mingi, kaa siku tatu nne bila kumwagilia, na mbolea isubiri mwezi mzima.

Baada ya hapo, maji ni pale kidole kikizama hadi kifundo cha kwanza na kukuta pakavu. Mwagilia mpaka yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima kirefu, ambayo huweza kuwa na chumvi nyingi.

Kuhusu mwanga, dirisha la mashariki ndilo salama. Baadhi ya vitabu vya Ulaya hutaja dirisha la kusini, lakini hapa karibu na Ikweta jua huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Jua la alasiri hugeuza vile vipande bapa, ambavyo kwa kweli ni mashina, kuwa vyekundu.

Sasa maua. Mmea huu hupanga kuchanua unapopata usiku mrefu au baridi. Kwao Brazili usiku wa Juni hupita saa 13, lakini wetu hubaki karibu saa 12 mwaka mzima, na taa ya sebuleni huufupisha zaidi. Ukitaka maua ya Krismasi, anza mapema Oktoba kuufunika kwa katoni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku kwa wiki sita. Usiruke hata siku moja, nakusihi. Baridi ya Juni na Julai nayo inaweza kuleta matumba bila katoni, hivyo usishangae ukichanua Agosti.

Vidung'ata, wale wadudu weupe wenye manyoya, wafute kwa pamba iliyochovywa spiriti. Na ukitaka kumpa jirani mche, nyonga kipande chenye vipingili viwili au vitatu, kiache siku mbili jeraha likauke, kisha kichomeke kwenye mchanganyiko uleule.

Matumba yakishatokea, acha chungu mahali pake, usikihamishe dirisha wala kukizungusha, na bakuli la ndizi mbivu liweke mbali nacho, kwa sababu gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huyaangusha matumba kabla hayajafunguka.