Kutawala usumaku wa safu ya nyaya-nano: anza na nafasi kati ya waya na waya

Kuchonga nyaya-nano, yaani nyaya za sumaku zenye upana wa makumi au mamia ya nanomita, mara nyingi kunahitaji mashine ya mwale wa elektroni. Kuzibuni unaweza hata ukiwa nyumbani. Hapa Arusha natumia mumax3, programu ya bure ya kuiga usumaku kwa kompyuta, kutoka Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, inayohitaji kadi ya michoro ya NVIDIA. Kama huna kadi hiyo, OOMMF, programu kama hiyo ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), itakufaa, ila huenda taratibu.

1. Waya mmoja kwanza. Chukua permaloi (aloi ya nikeli na chuma): Msat (nguvu ya usumaku uliojaa) = 860e3, Aex (nguvu inayofunganisha sumaku ndogo jirani) = 13e-12, alpha (kiasi cha kutuliza mtikisiko) = 0.5. Urefu nanomita 2000, upana 100, unene 10. Seli, yaani vipande ambavyo programu hugawa waya, ziwe za nanomita 5. Zikizidi hapo, kingo za waya zitakudanganya.

2. Pima upande mgumu, yaani ule ambao usumaku haupendi kuelekea. Elekeza uga wa sumaku kukatiza waya, ukiuongeza militesla 2 kila hatua, na minimize() kila mara, amri inayotafuta mkao wa nishati ndogo kabisa. Kabla ya hapo piga hesabu ya mkono: gawa unene kwa jumla ya unene na upana, kisha zidisha kwa tesla 1.08. Utapata kama militesla 98, uga unaohitajika kuelekeza usumaku wote kukatiza waya. Upana ukiwa 200, inashuka hadi kama 51. Jibu la kompyuta likiwa mbali sana na hapo, usiendelee. Kagua vipimo vyako.

3. Sasa weka majirani. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye utamu wote. Pengo likiwa nanomita 50, kisanduku kiwe na upana wa 150, yaani seli 400 × 30 × 2, halafu SetPBC(0, 10, 0), amri inayorudia kisanduku kando kwa kando ili waya mmoja uwe safu. Usirudie kwa upande wa urefu: ncha za waya zikipotea, umepoteza mahali usumaku unapoanzia kugeuka.

Rudia hatua ya 2 kwa pengo la 400, 200, 100 na 50. Uga unaohitajika utapungua kadiri nyaya zinavyokaribiana, kwa sababu ukingo wa jirani unafuta sehemu ya upinzani wa ukingo wako. Fikiria pengo likifika sifuri: safu imekuwa utando mmoja, na upinzani huo umekwisha. Kwa hiyo pengo ni kirekebishaji kamili, sawa na upana.

Angalizo: kisanduku chenye waya mmoja hulazimisha nyaya zote kugeuka pamoja. Ukitaka kuona majirani wakipingana, weka mbili.

4. Changanya upana. Panga waya wa 200 na wa 100 kwa kupokezana, pengo 50, kisanduku seli 80. Uga sasa ufuate urefu wa waya, ukiinamishwa digrii 1 ili usumaku usikwame katikati. Waya mpana hugeuka kwanza, mwembamba hubaki, na mchoro wa histeresi (usumaku dhidi ya uga) unapata kidato. Punguza pengo: majirani humharakisha mpana na kumshikilia mwembamba, kidato kinarefuka. Katika uga wa kidato hicho, nyaya zimekaa zikipingana, na urefu wa kidato umeuchagua wewe.