Bandama isiyorudi: kupima Gaucher kwa kadi ya damu kavu

Huku Kanda ya Ziwa mtoto akija na bandama kubwa tunaanza na malaria, kichocho na selimundu, na ndivyo inavyopasa. Ila bandama ikikataa kurudi kwenye ukubwa wake baada ya tiba, na mtoto ana upungufu wa damu, chembe sahani chache na maumivu ya mifupa, mfikirie Gaucher. Ni ugonjwa adimu wa kurithi: kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta ndani ya seli hakifanyi kazi ipasavyo. Kuanza uchunguzi, matone machache ya damu kwenye kadi ya karatasi ya kunyonya yanatosha.

1. Kuchukua damu. Pasha mkono joto, safisha kwa spiriti, subiri ikauke. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Kwa kichanga, pembeni mwa kisigino, kina kisizidi milimita 2. Futa tone la kwanza. Tone kubwa liguse karatasi mara moja, lijaze duara hadi lionekane upande wa pili. Usikamue, wala usiongeze tone juu ya tone.

2. Kukausha. Hapa ndipo kadi nyingi huharibikia. Ilaze bila madoa kugusa kitu, kivulini, kwa saa 3 au zaidi. Wakati wa masika Mwanza hewa ina unyevu mwingi, hivyo mimi huiacha hadi kesho yake. Usiianike juani, usiipulizie hewa ya moto. Doa lililokauka huwa na rangi ya kahawia pande zote mbili. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Inayotoka Ukerewe isiachwe juani kwenye kivuko: joto likiungana na unyevu, kimeng'enya hupoteza nguvu, na mtoto mzima ataonekana mgonjwa.

3. Maabara. Toboa kwenye doa visahani viwili vya karatasi vyenye kipenyo cha milimita 3.2, kila kimoja kina takriban mikrolita 3 za damu. Kimoja pima kimeng'enya. Cha pili kiloweke kwenye methanoli yenye kipimo rejea (kemikali ya kiasi kinachojulikana, ya kulinganishia), tikisa, kisha pima glukosilsfingosini, aina ya mafuta, kwa spektromita ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Mafuta haya hulimbikizwa na ugonjwa wenyewe, ndiyo maana nayaamini kuliko kimeng'enya peke yake. Andika hemoglobini kwenye fomu: damu nyepesi husambaa zaidi kwenye karatasi, kisahani hubeba damu pungufu na namba hushuka. Watoto hawa ndio hasa wenye damu pungufu.

4. Kusoma majibu. Kimeng'enya kiko chini na glukosilsfingosini iko juu: omba kipimo cha GBA1, jeni ya kimeng'enya hiki. Kimeng'enya kiko chini lakini mafuta ni ya kawaida: pima kimeng'enya kingine kwenye kadi hiyohiyo. Nacho kikiwa chini, kadi imeharibika. Mweleze mama sababu, uchukue nyingine. Kama mtoto aliongezewa damu karibuni, andika tarehe, maana damu ya mwingine inaweza kuficha upungufu wa kimeng'enya.